Uzi: Viwango vya TV ya analojia kwenye draiva ya tyuna – "PAL" peke yake haitoshi

MasafaYaKati (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Kuna jambo naona linakosewa kila mara mtu anapoandika au kurekebisha draiva ya kadi ya TV, nalo ni kiwango cha matangazo. Programu nyingi humpa mtumiaji machaguo matatu tu: PAL, NTSC, SECAM. Anachagua PAL, picha inatoka safi na ya rangi, ila sauti hakuna, ni mvumo mtupu. Hapo anaanza kushuku kebo, kisha spika, kisha kadi yenyewe. Vyote ni vizima. Draiva haijaambiwa sauti iko wapi, basi.

Hoja yangu ni moja. PAL, NTSC na SECAM ni majina ya namna rangi inavyofungashwa ndani ya picha. Hayasemi sauti imekaa umbali gani kutoka wimbi la picha, chaneli ina upana gani, wala picha imepandishwaje juu ya wimbi. Hayo yote hubebwa na herufi inayofuata: B, G, H, D, K, I, L, M, N. Draiva inayoipuuza herufi hiyo imefanya nusu ya kazi.

Tazameni sauti peke yake. Kwenye M na N, wimbi la sauti liko 4.5 MHz kutoka wimbi la picha. Kwenye B, G na H liko 5.5. Kwenye I liko 6.0 (ukitaka usahihi kamili, 5.9996). Kwenye D, K na L liko 6.5. Sasa chukua matangazo ya Uingereza ya zamani, PAL-I, uyasome kama PAL-B/G. Mistari ni ile ile 625, nusu-fremu ni zile zile 50 kwa sekunde, wimbi dogo la rangi ni lile lile la 4.43361875 MHz. Kwa hiyo picha itatoka bila shida yoyote, na ndiyo maana mtu hashuku kiwango. Lakini dimodyuleta (sehemu inayovua picha na sauti kutoka kwenye wimbi) inasikiliza kwenye 5.5 wakati sauti iko 6.0. Nusu megahezi tu, na husikii neno.

Upande wa Linux msingi mzuri upo. Katika V4L2 (mfumo wa Linux wa kuendesha vifaa vya video) kuna `v4l2_std_id`, namba ya biti 64, ambamo kila kiwango kina biti yake. PAL-B ni 0x01, PAL-I ni 0x10, PAL-M ni 0x100, NTSC-M ni 0x1000, SECAM-L ni 0x400000. Jina la jumla `V4L2_STD_PAL` ni 0xff, yaani B, B1, G, H, I, D, D1 na K kwa mkupuo. Kwa hiyo programu ikiiambia draiva "nipe V4L2_STD_PAL", kwa kweli imesema "ni mojawapo ya hizi nane, ipi sijui". Na PAL-M, PAL-N na PAL-60 hazimo kabisa ndani ya 0xff hiyo, ingawa zote zinaitwa PAL.

Nataka tujadili draiva ifanye nini inapopewa ombi pana namna hiyo, na tukubaliane mpangilio wa kodi utakaobeba viwango vya kanda zote bila kugeuka msitu wa `if`. Karibuni.

---

KandaZaZamani

Mkuu asante kwa uzi. Mimi situmii antena. Kazi yangu ni kuhamisha kanda za VHS kwenda kwenye faili, deki inaingia kwenye kadi kwa waya wa njano wa picha na nyaya mbili za sauti. Hizo herufi zinanihusu kweli? Nikiweka PAL kavu kazi inaenda.

---

MasafaYaKati

Kwa sehemu kubwa hazikuhusu, mkuu. Ukiingiza picha kwa waya wa kompositi, tyuna (kipokezi cha chaneli za antena) imekaa pembeni. Sauti inapita waya wake, hakuna wimbi la kulitafuta. B, G, I, D na K zote zinakuwa kitu kimoja mbele ya dikoda ya picha (chipu inayofumbua mistari na rangi).

Kinachokuhusu ni mistari na rangi. Na hapo kuna wageni ambao huwakuti hewani ila wamejaa kwenye kanda. Deki ya nchi ya PAL ikicheza kanda ya NTSC, mara nyingi hutoa mistari 525 na nusu-fremu 60 kama NTSC, lakini rangi imebadilishwa kuwa PAL kwenye 4.43 MHz. Hiyo ndiyo PAL-60. Deki nyingine huacha rangi katika mtindo wa NTSC ila hulihamishia wimbi lake kwenye 4.43, hiyo ni NTSC-4.43. Hakuna kituo kilichowahi kurusha PAL-60, ni zao la deki. Kadi yako ikiwa kwenye PAL ya kawaida itasubiri mistari 625 na picha itakuwa inapanda au inaruka. Ukiiweka kwenye NTSC-M picha itatulia lakini utapata nyeusi na nyeupe, maana dikoda inatafuta rangi kwenye 3.579545.

---

KandaZaZamani

Hapo umenifungua macho. Nina kundi la kanda zilizorekodiwa Brazil, na deki ya huko huko ninayo. Nikiweka NTSC picha inatulia vizuri kabisa lakini rangi hakuna hata chembe. Nikiweka PAL picha haishiki. Nilidhani kanda zimechoka.

---

MistariMia6

Kanda zako nzima. Brazil walichukua mfumo M (mistari 525, nusu-fremu 60, chaneli ya 6 MHz) wakauwekea rangi ya PAL, na rangi yao wakaiweka kwenye 3.575611 MHz. NTSC iko kwenye 3.579545. Tofauti ni chini ya 4 kHz, ila kwa dikoda ya rangi hiyo ni mbali, inashindwa kulifunga wimbi. Na hata ingelifunga, PAL hugeuza upande wa sehemu moja ya rangi kila mstari, jambo ambalo dikoda ya NTSC hailitarajii.

Argentina wamekuja kwa mlango wa pili: mistari 625 na nusu-fremu 50, ila chaneli nyembamba ya 6 MHz na sauti kwenye 4.5, na rangi ya PAL kwenye 3.58205625 MHz. Kwenye V4L2 hiyo ni `V4L2_STD_PAL_Nc`. Draiva inayosema "nusu-fremu 60 basi NTSC, 50 basi PAL ya 4.43" inawaangusha hao wote wawili, na inawaangusha kimyakimya kwa sababu picha inatulia.

Jaribu:

`v4l2-ctl --set-standard=pal-M`

Halafu `v4l2-ctl --get-standard` uone kama draiva imekubali au imekurudishia kitu kingine.

---

Nyaya

Swali la mtu wa pembeni. Kwa nini draiva isitambue yenyewe? TV ya sebuleni mtu hachagui herufi.

---

MistariMia6

Swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha uzi huu kwa maoni yangu.

Dikoda ya picha ina uwezo wa kuhesabu mistari, kupima kasi ya nusu-fremu, na kujaribu mawimbi ya rangi moja baada ya jingine mpaka moja likubali. Kwa hiyo inaweza kusema "hii ni 625, rangi PAL kwenye 4.43". Inaishia hapo. Ikifika kwake, picha imeshavuliwa kutoka kwenye wimbi na sauti imeshatengwa. Hakuna alama yoyote ndani ya picha inayosema sauti ilikuwa kwenye 5.5 au 6.0. Ndiyo maana V4L2 ina `VIDIOC_QUERYSTD`, ombi la kutambua kiwango, inayorudisha fungu la uwezekano, haimlazimishi mwenye draiva kutaja kiwango kimoja. Dikoda ikiwa imeona 625 tu bila rangi, inarudisha `V4L2_STD_625_50`. Isipoona mawimbi, inarudisha `V4L2_STD_UNKNOWN`.

Chipu ya sauti nayo ina mchango wake. Draiva ya `msp3400` kwa mfano hupima nguvu kwenye 4.5, 5.5, 6.0 na 6.5, ikachukua penye nguvu zaidi. Hapo B/G na I zinatengana bila utata. Ila ikikuta 6.5 bado haijamaliza: inaweza kuwa D/K, inaweza kuwa SECAM-L. Ndiyo maana inaingia duru ya pili, inatafuta mwenzake wa sauti: 5.85 ni NICAM (stirio ya dijitali), 6.258 ni D/K ya stirio aina ya kwanza, 6.742 aina ya pili. Kituo kisichorusha stirio hakina mwenzake, basi utabaki unabahatisha.

Na 4.5 ni hivyo hivyo. Marekani, Japani na Korea Kusini zote zinatumia M, zote 4.5. Lakini stirio ya Marekani ni BTSC, ya Japani ni EIA-J, na ya Korea ni mawimbi mawili ya FM, la pili kwenye 4.724 MHz. Chipu iliyopangwa kwa BTSC ikipewa matangazo ya Korea itatoa sauti ya upande mmoja tu na mtumiaji hatajua kuwa kuna stirio. Ndiyo maana kuna biti tatu tofauti: `NTSC_M`, `NTSC_M_JP`, `NTSC_M_KR`.

Kuhusu TV ya sebuleni: TV inauzwa ikiwa imepangwa kwa nchi, au inakuuliza nchi siku ya kwanza unapoiwasha. Herufi umeichagua, ila hukuoneshwa.

---

MasafaYaKati

Naongezea kwa MistariMia6. Hata pale utambuzi unapowezekana, draiva haitakiwi kubadilisha kiwango yenyewe katikati ya kazi. Mwongozo wa V4L2 unalisema hili waziwazi, na sababu yake ni ukubwa wa bafa. Fremu ya 720 kwa 576, baiti mbili kwa pikseli, ni baiti 829,440. Fremu ya 720 kwa 480 ni 691,200. Programu imeshatenga kumbukumbu na imeshaanza kusoma. Ukiigeuzia kiwango chini ya miguu yake, ama inasoma takataka ama inaandika nje ya eneo lake. Draiva inatuma tukio la `V4L2_EVENT_SOURCE_CHANGE`, programu inasimamisha mtiririko, inauliza kwa QUERYSTD, inaweka kiwango kipya, inatenga bafa upya. Mnaoandika programu, tafadhali sikilizeni tukio hilo.

---

mtunza_kodi

Wakuu mimi nina mtazamo tofauti na nitausema wazi. Marekani vituo vikubwa vilizima analojia Juni 2009. Japani karibu nchi nzima Julai 2011, Ufaransa Novemba 2011, Uingereza Oktoba 2012, Korea Kusini mwisho wa 2012. Mkataba wa Geneva wa 2006 uliweka Juni 2015 kama ukomo wa kulinda matangazo ya analojia kwa nchi nyingi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati. Kodi hii tunaitunza kwa ajili ya nani? Kila mabadiliko ya kiini cha V4L2 yanatulazimu kugusa draiva ambazo hakuna mwenye kifaa cha kuzijaribia. SECAM-L' nani anaipokea leo?

---

MasafaYaKati

Mkuu nakuheshimu, na kuhusu mzigo wa matunzo una haki kabisa. Ila nakuomba utenganishe mambo mawili.

Biti zenyewe haziondoki. Ni sehemu ya mapatano kati ya kerneli na programu. Ukiipa 0x400000 maana nyingine, programu zilizokwisha kuandikwa zitavunjika. Kwa hiyo majina yatabaki, na swali ni kama yatakuwa na kodi sahihi nyuma yake au maganda matupu.

La pili ni watumiaji. Matangazo yamezimwa, vifaa havijazimwa. Kuna kanda majumbani na kwenye maktaba za kumbukumbu, kuna kamera za ulinzi za analojia, kuna kompyuta na mashine za michezo za miaka ya 1980. Na baadhi ya hizo hazina hata tundu la kompositi, zina RF tu (mawimbi kama ya antena). Famicom ya 1983 ni mfano: inatoa chaneli 1 au 2 ya Japani, yaani picha kwenye 91.25 au 97.25 MHz. Kwingine masafa hayo ni ya redio ya FM, kwa hiyo orodha za chaneli za hewani za Marekani au Ulaya hazina kitu pale. Mtu anachomeka, anachambua chaneli zote, haoni kitu. Anahitaji orodha ya Japani kwenye programu na `NTSC_M_JP` kwenye draiva.

Hiyo JP hata kwenye kompositi ina maana yake. Marekani nyeusi imeinuliwa kwa 7.5 IRE (kipimo cha nguvu ya picha) juu ya kiwango cha ukimya, pale ambapo hakuna picha; Japani nyeusi iko palepale kwenye sifuri. Ukisoma picha ya Japani kama NTSC-M, sehemu za giza zinakatwa na kuwa weusi mmoja. Nywele na koti jeusi vinakuwa doa moja, na ukishahifadhi faili hivyo, hakuna kurudi.

---

mtunza_kodi

Hoja ya biti nimeikubali. Hoja ya kanda nimeikubali pia, ila hiyo ni kazi ya dikoda, si ya tyuna. Bado nataka kuona mpangilio ambao mtu asiye na kifaa anaweza kuusoma na kuuamini.

---

FundiBati

Naomba niingie hapa maana kazi yangu ni kufungua kadi hizi.

Kabla ya kodi, someni bati. Tyuna za zamani ni kisanduku cha bati chenye karatasi juu yake, na namba ile inasema kila kitu. Kwenye familia ya Philips, FI1216 ni B/G, FI1236 ni M na N, FI1246 ni I, FI1256 ni D/K, na FI1216MF ina SECAM ya Ufaransa pamoja na B/G. Ndani yake kuna kichujio cha SAW, kipande kidogo kilichokatwa kiwandani kwa upana mmoja. FI1236 imekatwa kwa chaneli ya 6 MHz. Hata uandike draiva nzuri vipi, sauti iliyoko 6.0 au 6.5 inaanguka nje ya kichujio na haifiki kwenye dimodyuleta. Kwa hiyo draiva inayotangaza kupitia ENUMSTD (orodha ya viwango inayopewa programu) kwamba inaweza kila kiwango huku bati ni FI1236 inamdanganya mtumiaji. Orodha ya viwango iandikwe kwa kadi, si kwa chipu ya dikoda peke yake.

Tyuna za silikoni ni habari nyingine. XC3028 haina bati la namna hiyo, vichujio vinapangwa kwa famuwea (programu inayopakiwa ndani ya chipu), na faili lake la `xc3028-v27.fw` lina famuwea 80 ndani yake, zikiwa zimegawanywa kwa viwango na hata kwa aina ya stirio: A2, NICAM, BTSC, EIA-J. Draiva ikiombwa `V4L2_STD_PAL` pana, inabidi ichague moja kati ya zile, na uchaguzi huo ndio unaomfikisha mtu kwenye sauti au kwenye ukimya.

---

MistariMia6

FundiBati umegusa penyewe. Naongeza hesabu ya masafa ya kati (masafa ya kudumu ambayo tyuna hushushia kila chaneli), maana hapo ndipo kosa dogo linapotupa chaneli nzima.

Tyuna ya bati hupokea namba moja, kigawanyo cha PLL (saketi inayoshika masafa), kwa hatua za 62.5 kHz. Hiyo ni sehemu ya 1/16 ya megahezi, na ndiyo kipimo cha masafa cha V4L2 pia. Kigawanyo ni masafa ya picha ukijumlisha masafa ya kati. Kwa B/G, D/K, I na L masafa ya kati ya picha ni 38.9 MHz, na kwenye `tuner-simple`, draiva ya tyuna za bati, yanaandikwa 623 (mara 16, yakizungushwa juu). Kwa M na N ni 45.75, yaani 732. Kwa Japani ni 58.75, yaani 940. Kwa L' ni 543.

Chukua chaneli 36 ya UHF, picha kwenye 591.25 MHz. Mara 16 ni 9460. Jumlisha 623 upate 10083, na hiyo ndiyo inayokwenda kwenye tyuna. Draiva ikibaki na 732 kwa sababu mtu alisahau kuipitisha `std` kabla ya kuweka masafa, inatuma 10192. Umekosea hatua 109, karibu 6.8 MHz. Upo kwa jirani.

Kwa hiyo sharti: kiwango kikibadilika, masafa yawekwe upya hata kama mtumiaji hakugusa chaneli. Nimeona draiva zaidi ya moja inayobadilisha rejista za dikoda kwenye S_STD (ombi la kuweka kiwango) na kuiacha tyuna ilivyokuwa.

---

Nyaya

L' ndiyo nini? Mmeitaja mara mbili na ina namba yake ya peke yake.

---

MasafaYaKati

Hii naipenda, nivumilieni kidogo.

Mifumo karibu yote ina picha hasi: kadiri nukta inavyong'aa ndivyo wimbi linavyopungua nguvu, na alama za usawazishaji ndizo zenye nguvu kamili. Sauti ni FM. Ufaransa kwenye mfumo L walifanya kinyume kwa yote mawili. Picha ni chanya, nyeupe ndiyo yenye nguvu, na usawazishaji uko chini kabisa. Sauti ni AM.

Sasa D/K na L zote zina sauti kwenye 6.5, na nchi nyingi za D/K zilitumia SECAM pia. Kwenye karatasi zinafanana mno. Lakini weka SECAM-D/K mbele ya wimbi la SECAM-L uone: dimodyuleta inachukua sehemu nyeupe za picha na kuzidhania ndizo usawazishaji. Picha haitulii hata sekunde, vipande vinavyoonekana vimegeuka kama hasi za filamu, na sauti inakuwa mkwaruzo kwa sababu kipokezi cha FM kinalishwa AM. Kwenye `tda9887`, chipu ya dimodyuleta, tofauti yote hiyo ni kuandika `cPositiveAmTV` badala ya `cNegativeFmTV`. Neno moja kwenye jedwali.

L' ni mfumo ule ule wa Ufaransa kwenye chaneli za chini za VHF. Kwingine sauti iko juu ya picha. Kwenye L' sauti iko chini ya picha kwa 6.5 MHz, kioo kimegeuzwa. Ukitumia 38.9 kama kawaida, sauti inatoka nje ya kichujio upande wa pili. Dawa ni kuishusha picha hadi karibu 33.9 ili sauti iangukie 40.4, na chaneli nzima inakaa tena ndani ya SAW ile ile. Kwenye V4L2 inaitwa `SECAM_LC`. Draiva haiwezi kuikisia, lazima iambiwe.

---

mtunza_kodi

Sawa, nimeelewa kwa nini mnataka jedwali. Tuone kodi.

---

MasafaYaKati

Mpangilio ninaoupendekeza ni jedwali moja lenye safu kwa kila familia: fungu la biti, masafa ya kati ya picha, umbali wa sauti, upande wa picha (chanya au hasi), aina ya sauti, na dimfasi, yaani kupunguza sauti nyembamba zilizokuzwa wakati wa kurusha (mikrosekunde 50 kwa karibu wote, 75 kwa M na N, ukikosea sauti inakuwa kavu au nzito). Kodi inapita kwenye jedwali, haina `if` nyingi. Mtu asiye na kifaa anaweza kulilinganisha na karatasi za ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) safu kwa safu.

Kwa dikoda ya rangi, mpangilio wa kupima uwe huu, mahususi kwanza, makundi baadaye:

```
/* kwanza viwango vyenye rangi ya peke yake */
if (std == V4L2_STD_PAL_M)
        rangi = RANGI_PAL_M;
else if (std == V4L2_STD_PAL_Nc)
        rangi = RANGI_PAL_NC;
else if (std == V4L2_STD_PAL_60)
        rangi = RANGI_PAL_60;
else if (std == V4L2_STD_NTSC_443)
        rangi = RANGI_NTSC_443;
/* kisha makundi, kwa & na si kwa == */
else if (std & V4L2_STD_PAL)
        rangi = RANGI_PAL;
else if (std & V4L2_STD_NTSC)
        rangi = RANGI_NTSC;
else if (std & V4L2_STD_SECAM)
        rangi = RANGI_SECAM;
else
        return -EINVAL;
```

Angalieni `&` kwenye makundi. Nimekuta draiva inayoandika `std == V4L2_STD_PAL_BG`. Programu ikituma `PAL_B` peke yake, ambayo ni ombi halali kabisa, sharti halitimii na draiva inaangukia kwenye NTSC ya mwisho wa mnyororo. Pia sitaki chaguo la mwisho liwe NTSC kwa mazoea. Usichokijua, kikatae.

Kwa ombi pana, yaani 0xff, tufuate njia iliyopo kwenye `tuner`: msimamizi wa mashine ataje herufi wakati wa kupakia moduli, mfano `pal=i` au `secam=l` au `ntsc=j`, na draiva ilipunguze ombi kwa hiyo. Asipotaja, tuchukue B/G, na tuandike kwenye logi kwamba tumechukua B/G. Hilo la logi nalishikilia. Mtu asiye na sauti akifungua `dmesg` (logi ya kerneli) akute sababu.

---

mtunza_kodi

Jedwali nalikubali. Ombi langu moja: orodha za chaneli zisiingie kwenye kerneli. Kerneli ipokee masafa tu.

---

MasafaYaKati

Hatuna mgogoro hapo, hazijawahi kuwa na nafasi kwenye kerneli. Chaneli 3 ya Marekani ni 61.25 MHz, ya Japani ni kwingine kabisa. Hiyo ni kazi ya programu.

---

Nyaya

Na mtajaribuje kama hakuna anayerusha?

---

FundiBati

Kwa upande wa programu anza na `vivid`, draiva ya kuigiza iliyomo ndani ya kerneli. Ina tyuna ya bandia: chaneli kila 6 MHz kuanzia 49.25, ukiwa karibu kabisa picha ni ya rangi, ukisogea inakuwa ya kijivu, ukizidi ni chenga. Ina pia kidhibiti cha kuigiza kupotea kwa mawimbi na kubadilika kwa kiwango, kwa hiyo programu yako inaweza kujaribiwa kama inajibu vizuri. Na `v4l2-compliance` iendeshwe kila unapobadilisha kitu.

Kwa maunzi halisi natumia HackRF (kifaa cha kurushia mawimbi ya redio) na programu ya `hacktv`. Inatengeneza PAL-I, B/G, SECAM-L, NTSC-M na nyingine, hata NICAM inatoa. Nachukua faili moja la video lenye mlio wa sauti, nalirusha kwa kila mfumo, nasikiliza na kutazama. Muhimu: ni kwa kebo tu, na kipunguza nguvu katikati, kamwe si kwa antena. Masafa yale sasa yana wenyewe, na tyuna bila kipunguza inalemewa na kukupa majibu ya uongo.

Nimeshaipitisha PAL-I na B/G kwenye kadi yenye `tda9887`. Kwa jedwali la mkuu hapo juu, sauti ya I ilitoka 6.0 bila kugusa kitu kingine. SECAM-L picha imetulia, sauti ya AM inatoka ila ni ndogo kuliko ya FM. Nashuku ni kiwango cha kuongeza sauti ndani ya chipu ya sauti, si jedwali. Nitapima.

---

KandaZaZamani

Wakuu nimerudi. `pal-M` imekubaliwa na kadi moja, rangi zimetoka zote, nyekundu ni nyekundu. Kadi ya pili, ukiiwekea `pal-M` inajibu sawa bila kosa, lakini `--get-standard` inarudisha NTSC na picha inabaki nyeusi na nyeupe.

---

MistariMia6

Hiyo ya pili ndiyo hasa MasafaYaKati anayoizungumzia. Imeweka usichokiomba na haikusema. Tuwekee `dmesg` ya wakati wa kupakia moduli na `v4l2-ctl --list-standards` ya kadi zote mbili. Kama PAL-M haimo kwenye orodha ya pili, ilipaswa kurudisha EINVAL (kosa la ombi batili). Kama imo, kuna mnyororo wa `if` mahali fulani unaopima 525 kabla ya kupima rangi.

---

KandaZaZamani

PAL-M imo kwenye orodha ya zote mbili. Naweka logi jioni.

---

MasafaYaKati

Basi ni mnyororo. Mkuu, ukiweka logi taja pia chipu ya dikoda iliyoandikwa pale. Nitaanza na draiva ya kadi hiyo: kwanza badiliko dogo la mpangilio wa kupima rangi peke yake, ili mtunza_kodi aweze kulisoma kwa dakika chache na wewe ulijaribu kwa kanda zako. Jedwali la tyuna litafuata kama badiliko la pili, baada ya FundiBati kumaliza kipimo cha sauti ya L.